Mpira wa Pinki

"Niondolee huu mdoli," alisema Mzee Ormond Gittens, akausukuma mpira wa pinki mpaka ukingoni mwa meza, karibu na sahani yake ya keki za samaki. "Kriketi ya siku tano inachezwa kwa mpira mwekundu. Huu mpelekee mjukuu wako akaogee nao."

Marva Holder aliudaka kabla haujaanguka. Mjukuu hana, ana miaka arobaini na mbili, na siku hiyo yalikuwa yamemfika shingoni.

Kamati ya kriketi, iliyokuwa iamue kama mpira wa pinki utumike, ilikuwa na watu watano. Wawili walishakubali, wawili walishakataa, na wa tano, balaa gani hili, alikuwa Gittens. Kwa miaka miwili Marva amezunguka visiwa akibembeleza watu waelewe jambo dogo tu: wingu likitanda, mpira mwekundu unageuka mweusi, waamuzi wanawatoa wachezaji, na mashabiki wanarudi nyumbani wakitukana. Mwaka jana mechi nzima iliwafia mikononi hivyo hivyo, zikiwa zimebaki alama sita tu timu ishinde. Siku ile Marva alijifungia chooni akalia. Leo Gittens akisema hapana, faili linafungwa, na hakuna wa kulifungua tena.

"Mzee, wapigaji wanasema jioni hawauoni mpira."

"Hawauoni!" Gittens aliwageukia wenzake. "Mmesikia hiyo? Hawauoni! Kwani nani aliwadanganya kwamba mpira unaonekana? Unamtazama mrushaji. Bega lake, mkono wake, vidole vyake. Mpira ni habari ya baadaye. Vijana wa siku hizi, kha! Mnataka mletewe mpira kwenye sinia."

Kamati ikaangua kicheko. Marva hakucheka. Ngonjera hizo alishazisikia tangu yuko shule. Barbados nzima ilijua jinsi Gittens, miaka hamsini iliyopita, alivyopiga mpaka gizagiza likaingia, mwenzake akimlilia mwamuzi watoke, na yeye akiuliza, "Kwani mwanga umefanya nini?" Hapo ndipo alipopatia jina.

Kwenye kudaka alikuwa kichekesho, ila hilo wazee hawalisimulii. Mpira mwekundu unalala majanini hatua mbili kutoka kwake, yeye anazunguka kama kuku, na watu jukwaani wanapiga kelele, "Gittens, uko mguuni kwako!" Uvivu mtupu, Marva aliamini hivyo. Na zile mechi za usiku za mpira mweupe aliziita sarakasi, akijigamba kwamba hajawahi kuzitazama hata dakika moja. Mtu gani anajisifia asichokijua?

"Basi shika gongo ukapige," Marva alisema.

Kicheko kikakatika.

"Nje kuna wingu zito na taa hatuwashi. Kemron atakurushia mwekundu kwanza, halafu wa pinki. Ukiona hakuna tofauti, faili nalichana mwenyewe mbele yako."

"Binti, mimi nina miaka sabini na sita."

"Ndiyo maana atarusha polepole. Au unaogopa mdoli?"

Lo, hilo lilimwingia! Gittens akavua koti, akafuta mafuta ya samaki midomoni, akatangulia nje bila kumsubiri mtu.

Kemron, mrushaji wa timu ya pale Saint Philip, akarusha mwekundu. Mpira haujatoka vizuri mkononi mwake, mguu wa Gittens ulishatangulia mbele. Gongo likashuka, pa! Wa pili vilevile. Wa tatu, Marva mwenyewe, aliyesimama nyuma ya wavu, hakuuona mpaka ulipogonga uzio. Moyo wake ukashuka. Huyu mzee atakufa na majivuno yake, na atakufa ameshinda.

"Mmeona?" Gittens alifoka. "Bega, mkono, vidole! Haya, lete huo uchafu wenu."

Kemron akarusha wa pinki.

Gittens hakupiga. Alisimama na gongo hewani, akageuza kichwa taratibu akiusindikiza mpira kwa macho mpaka ulipoangusha wiketi, vile vijiti vitatu vya nyuma yake.

"Tena," alisema.

Ukaja tena. Hakupiga. Ukaja wa tatu, naye yuko vilevile, kasimama tu. Wajumbe wakaanza kugunaguna, na Marva akahisi hasira inampanda mpaka masikioni. Kazi ya miaka miwili, na mtu anaifanyia mzaha mchana kweupe!

"Mzee, kama hutaki kupiga sema, tusipotezeane muda!"

Gittens aliliachia gongo likaanguka. Akaja mpaka wavuni, akanyoosha mkono.

"Lete karatasi ya kura."

Akatia sahihi penye Ndiyo. Wale wawili waliokataa wakamvamia kwa maswali, wote kwa pamoja. Marva aliigeuza karatasi huku na huku akitafuta mtego uko wapi.

"Hii nayo ni dhihaka gani, Mzee?"

Ndipo akamtazama usoni. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakujisumbua kuyafuta.

"Marva," alisema kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie. "Niambie kweli, mwanangu. Ule mwekundu, kukiwa na jua, ninyi wengine huwa mnauona hivi, hata ukilala majanini? Unakuja njia nzima?"