Alama ya Kutoa

Profesa Kombo alipomaliza kueleza jinsi ulimwengu ulivyotanuka, kufumba na kufumbua, katika sekunde yake ya kwanza, ukumbi mzima ulimpigia makofi. Sikudhani, mwanafunzi wake wa zamani, hakupiga. Alikumbatia daftari lake lenye doa la chai. Miaka minne nyuma Profesa aliliazima, “nikusahihishie, mwanangu,” kisha akazichapisha hesabu za Sikudhani kwa jina lake mwenyewe. Alinakili zote, pamoja na kosa moja ambalo Sikudhani aliligundua baadaye, akalinyamazia.

“Kuna swali?”

Sikudhani akatengeneza ushungi, akaenda ubaoni penye hesabu za Profesa, akashika chaki.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba.”

Akaizungushia duara alama ya kujumlisha. “Hapa ni kutoa. Kwa hesabu hii ulimwengu ulijikunja ukafa kabla ya sekunde kwisha. Nyota hakuna, na wewe mwenyewe hukuzaliwa.”

Watu wakaangua kicheko. Profesa akamsogelea. “Unajua fika kosa hili si langu,” akanong'ona.

“La nani basi? Sema kwa sauti, wakusikie.”

Akamnyooshea chaki. Profesa hakuipokea. Unga wake mweupe ukawa unadondoka taratibu juu ya viatu vyake vilivyong'arishwa.