Risasi za Mkono Wako

Mhunzi wa Mwaya alilibana ganda la risasi kwa koleo, upande mmoja tu, kama alivyofanya mwezi mzima.

Tangu vita vianze, Wajerumani walimlazimisha kujaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa. Shingo ya ganda ikibanwa sawasawa pande zote, risasi huenda moja kwa moja. Ikibanwa upande, hupotoka. Askari wao walikuwa wakiwapiga risasi watu waliokimbia kubebeshwa mizigo ya vita. Siku hizi walikuwa wakiwakosa.

Mkewe aliingia, matope ya mpunga yakiwa magotini.

"Baba Yotamu, kiboko amerudi shambani. Mwanao amemfuata."

"Kwa mkuki?"

"Kwa bunduki ya askari. Wanataka nyama, wamempa risasi tatu." Akatabasamu kidogo. "Amefurahi kusikia ni za mkono wako."

Koleo lilikuwa bado limeuma shaba.

Mlio wa kwanza wa bunduki ulitoka mtoni. Wa pili ukafuata upesi mno. Mhunzi alikuwa ameshafika mlangoni uliposikika wa tatu, na baada yake kiboko akanguruma.