Viatu vya Mzee Eliamani

Sheria ya zama zile iliamuru choo cha kila nyumba kipime mkojo, na habari za mgonjwa zipelekwe kwa mlinzi aliyemchagua mwenyewe, ili asivunjike moyo. Mzee Eliamani, mwenye kisukari kwa miaka ishirini, alimchagua mkewe, Nakundwa. Kila asubuhi alimwuliza, "Figo zangu zasemaje, Mama Senzighe?"

"Zinakusalimu, mume wangu."

Uchovu wake aliuita uzee, kwa kuwa mkewe aliuita hivyo.

Jumapili moja, akitafuta kitabu cha nyimbo uvunguni, aliviona viatu vyake vya kanisani, alivyodhani amevivaa: namba arobaini na moja. Akavivua vya miguuni, vya ngozi ile ile, vilivyokuwa vimeanza kumbana, akavigeuza. Arobaini na tatu.

"Miguu yangu imevimba tangu lini?"

"Miaka miwili," akasema Nakundwa. "Figo zilikuwa zinadhoofika. Nilitaka uimbe kwa furaha."

"Miaka miwili ya dawa umeninyima! Umenivisha uongo, nami nikaufunga kamba kwa mikono yangu."

Nakundwa alifungua kabati, akamwekea miguuni viatu vipya. Arobaini na nne.

Kengele ya kanisa ikalia. Mzee Eliamani akanyoosha mguu, kwa kuwa hakuwa na vingine vya kumwenea.