Kicheche Avaa Kikuba

Kicheche alinuka, na alijua. Aliposikia kwamba tangu enzi za mabibi hakuna pua iliyowahi kukataa ua la kilua, akachimbua mche msituni, akaupanda mlangoni kwake, akaumwagilia miaka mitatu. Ulipochanua, akafunga kikuba, kishada cha kilua na rehani, akakibana kifuani na kwenda kumposa Binti Fungo.

Mama Fungo akaangua kicheko. "Hilo pambo la bi harusi! Umekuja kuoa au kuolewa?"

Kicheche akashtuka, akainua mkia, akajamba. Ukoo mzima wa Fungo ukatoka mbio. Akabaki Binti Fungo peke yake, ameziba pua.

"Nimekubali," akasema. "Kikuba nivalishe mimi. Wewe nuka hivyo hivyo, mama asije akahamia kwetu."