Ile Herufi ya Kwanza

Siku hiyo mjinga alikuwa Anyona, na hata yeye hakatai.

Alikuwa uani kwao Ekerenyo, akichoma makaratasi ya marehemu baba yake, mzee wa kanisa aliyejigamba maisha yake yote kwamba alisoma Kiebrania kwa posta. Akafungua daftari jeusi. Ukurasa mtupu. Wa pili, mtupu. Akacheka mpaka moshi ukampalia.

"Mama, njoo uone Kiebrania cha tata, baba msomi! Sabato zote zile alikuwa anatuchezea!"

Akalinyanyua alitupe motoni. Mama yake akamdaka mkono, akaligeuza daftari, akalifungua kwa nyuma.

"Kinaanzia kulia, mwalimu."

Kurasa zilijaa herufi nene za wino wa buluu, zile zile baba yake alizokuwa akichora kila Sabato alasiri, kalamu ikikwaruza na chai yake ikipoa. Lakini Anyona hubisha hata akizama.

"Alituimbia kwamba ziko ishirini na mbili. Mbona hapa kwenye ukurasa wa kwanza ni ishirini na moja? Ya kwanza hakuijua!"

Mahali pa ya kwanza palikuwa na doa la manjano tu, karatasi imekonda kama ganda la kitunguu.

Mama alilipangusa kwa kidole.

"Wayahudi wa kale walimpakia mtoto asali juu ya herufi, ailambe, aonje kwamba masomo ni matamu. Ulipokuwa mdogo, tata yako naye akakuletea daftari. Aliijua, Anyona. Uliilamba wewe."