Chupa ya Spiriti

Tone kutoka kwenye chupa lilikaa kwenye ncha ya kidole cha Owuor na halikukauka. Spiriti ingekuwa imeshapotea, ikaacha ubaridi tu. Haya yalikuwa maji.

Kumbe asubuhi alikisafisha kwa maji kile kichwa cha chuma kinachosoma kanda za kompyuta! Ndiyo maana kanda ya mishahara ya jeshi ilinata, mashine ikaivuta mpaka ikakatika.

Alimtazama askari wa mlangoni, Mwacholi mwenye macho mekundu, wa kabila lililokuwa likiwindwa jeshini. Askari akainamia buti zake. Wiki iliyopita Waacholi wenzake wawili walipakiwa kwenye lori, na hawajaonekana tena.

Kapteni aliyekuja kudai mishahara aliinyakua chupa. "Wewe injinia ya Kenya, hii nini?"

"Spiriti, afande. Ya kusafishia mashine."

"Spiriti nawaka." Akamimina kidogo mezani, akawasha kiberiti, akakishusha. Njiti ikazimika kwa mlio mdogo. "Sasa? Nani naharibu mashine ya serikali?"

Maneno matatu tu yangemwokoa Owuor: askari wako ameinywa. Aliyameza.

"Ni mimi, afande. Nilijaza maji mwenyewe."

Kapteni akacheka. "Mkenya mjinga! Askari, peleka yeye kwa gari."

Askari hakumgusa Owuor. Alikuja akasimama wima mbele ya kapteni, akafungua mdomo, na harufu ya spiriti ikatangulia maneno.