Ukuta wa Jiko la Bi Mkubwa

"Rudi nje upige hodi!"

Mchora ramani alikuwa ameshatia mguu mmoja sebuleni. Akaurudisha. Kijana msomi, kalamu sikioni, tepu ya kupimia kiunoni. Mtaa mzima walimwita Sentimita, na alikuwa hajawahi kufokewa namna hii na mtu aliyevaa kandambili.

"Na hiyo njia uliyokuja nayo siielewi," Bi Mkubwa aliendelea. "Mtu mzima anatokea upande wa chumba cha kulala? Mlango si ule pale?"

Sentimita akazunguka mpaka mlangoni. "Hodi."

"Karibu. Viatu."

Akapangusa viatu, uso umemwiva kwa aibu. Nje majirani walijazana wakicheka, lakini hakuna aliyethubutu kuingia. Wao walikuwa wameshatia saini, kaya thelathini na tisa. Chama cha nyumba kilikuwa tayari kubomoa vibanda vyao vinavyovuja na kuwajengea nyumba arobaini za bei nafuu, ila kwa sharti moja: kila kaya ikubali. Ikifika saa sita mchana huo na kuna ambaye hajasaini, mradi unahamia mtaa mwingine. Aliyebaki ni Bi Mkubwa peke yake, na alikuwa ameapa kwamba hasaini kitu mpaka aikague nyumba ya mfano chumba kwa chumba.

"Hewa ipo," alisema, upepo ukimpeperusha kitambaa cha kichwa. "Mwanga pia upo. Hapo siwasemi vibaya."

"Ahsante, Mama."

"Usishukuru bado. Twende jikoni."

Jikoni vifaa vilikuwa havijafika. Matofali mawili yalisimama badala ya jiko la gesi, na ndoo ya chokaa badala ya sinki. Bi Mkubwa akamsimamisha mke wa mwanawe mbele ya matofali, yeye mwenyewe akashika nafasi kwenye ndoo.

"Koroga," akaamuru.

Mkwe akakoroga hewa.

"Mimi huku naosha vyombo. Haya, sasa nakuja kuonja chumvi."

Akageuka. Mkwe naye akageuka. Makalio yakakutana, puu! Mkwe nusura akalie hayo matofali, na huko nje majirani wakaangua kicheko kingine.

"Umeona mwenyewe?" Bi Mkubwa alimuuliza Sentimita.

"Si mnaweza kupeana zamu, Mama? Leo apike huyu, kesho upike wewe."

Bi Mkubwa akashusha sauti.

"Mwanangu, jiko la mwanamke mmoja nalijua mwisho wake. Siku moja mmoja wetu ataambiwa akapumzike chumbani, aletewe chakula kwenye sahani kama mgeni. Na mimi sikuzaliwa jana. Namjua ni nani."

"Mama, jamani!" Machozi yalimlenga mkwe. "Nani atakuambia hivyo? Mimi nani atanionjea chumvi?"

"Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Wewe chumvi hujawahi kuipatia hata siku moja. Wanangu watakufa na njaa mimi nimekaa chumbani naangalia dari."

Akanyoosha kidole. "Sogeza ukuta huu. Hatua mbili tu, uingie sebuleni. Wageni watabanana, kwani wanakuja kulala?"

Sentimita akashika kichwa. "Mama, niombe kingine chochote. Huu ndio ukuta unaobeba ghorofa ya juu. Miezi minne nimeupigia mahesabu. Ukiugusa tu, yote inatuangukia hapa hapa."

Bi Mkubwa akainua uso, akatazama juu kwa muda mrefu sana.

"Naona," alisema.

Simu ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa chama. Sentimita akamwachia mkwe fomu na kalamu, akatoka nje. Alitokea mlangoni, maana jicho la Bi Mkubwa lilimsindikiza. Huko nje akaanza kwenda huku na huko, akilitazama kwa wasiwasi wingu jeusi lililokuwa likijikusanya.

"Bado robo saa, Mwenyekiti... Hapana, hajakataa. Ni hapo kwenye ukuta wa jiko tu... Kusogea? Thubutu! Ukuta ule hausogei hata ukileta tingatinga, nakuhakikishia!"

"Umesikia, Mama?" mkwe alinong'ona. "Anasema hata kwa tingatinga hausogei. Tusaini tu, saa sita hiyo inakuja. Mimi nitapika nimejibana ukutani, haki ya Mungu, hutanisikia nikilalamika."

"Hujibani popote. Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Niandikie jina langu. Saini nitaweka nikimaliza."

"Ukimaliza nini?"

Bi Mkubwa akavua kandambili moja. Kwa wayo wake mpana akaufuta ukuta wote, toka mwanzo hadi mwisho, kisha akachota chokaa kwenye ile ndoo ya sinki na kuuchora upya ardhini, hatua mbili mbele. Sentimita alipiga ukelele, akaja mbio kumzuia, akafika kwenye mstari wa sebule, akasita. Akazunguka mpaka mlangoni, akapiga hodi.